Makopo matatu, mwasho mmoja: tujifunze kusoma viambato kulingana na ngozi zetu

Tausi wa Kioo (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila siku mtu anauliza "mafuta gani mazuri ya uso?", na kila siku anapewa majina thelathini na watu thelathini. Mimi nilikuwa muulizaji sugu. Naambiwa, nanunua, napaka, nawashwa, nagawa. Mdogo wangu ananawiri kwa makopo yaliyonishinda mimi.

Usiku mmoja losheni ya tatu ilikuwa imenibabua pembeni mwa pua na kwenye kope, pale ngozi ilipo nyembamba. Nikasema leo sinunui wala siulizi. Nikachukua makopo yote matatu yaliyowahi kuniwasha, nikayalaza kitandani migongo juu, nikawasha tochi ya simu maana maandishi yale yameandikwa kwa wenye macho ya mwewe. Nikanakili orodha zote kwenye daftari, safu tatu. Safu ya nne nikaandika viambato vya krimu yangu ya zamani ambayo haijawahi kunisumbua. Kisha nikaanza kukata. Chochote kilichomo kwenye safu ya nne, kata. Maji yakaenda, gliserini ikaenda, na yale majina marefu ya mafuta yakaenda moja moja. Yakabaki majina manne, na kati ya hayo ni moja tu lililokuwa kwenye safu zote tatu: methilaisothiazolinoni.

Ni kihifadhi, kazi yake kuzuia bakteria na ukungu visizaane ndani ya kopo. Kumbe kina historia. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kilikitaja kuwa kizio (kitu kinacholeta mzio) cha mwaka, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya hauruhusu kitiwe kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha mwilini. Kwenye vya kuosha na kusuuza kinaruhusiwa kidogo mno, 0.0015%. Baadaye daktari wa ngozi alinibandika viraka vya majaribio mgongoni, vikakaa siku mbili, na kiraka cha kitu hicho kikaacha alama nyekundu kama muhuri.

Sasa msinielewe vibaya. Watu wengi wanakipaka na hawana habari nacho. Mdogo wangu ni mmoja wao. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ushauri wa watu ulikuwa haunisaidii: kila mtu alikuwa ananisimulia ngozi yake.

Tuanze na kusoma orodha. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi mbele. Ndiyo maana "Aqua", yaani maji, hukaa mbele karibu kila mahali. Ila utaratibu huo unabana mpaka kwenye 1% tu. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo, na bila shaka atatanguliza vyenye majina matamu. Mpaka huo haujachorwa kwenye lebo, lakini kuna kigingi kizuri: fenoksiethanoli, kihifadhi kilichojaa sokoni. Ulaya kikomo chake ni 1%. Ukikiona kwenye orodha, jua kinachofuata baada yake kwa kawaida hakifiki hata 1%. Jaribuni leo. Lile ua lililochorwa mbele ya kopo, likapambwa na umande, mara nyingi utalikuta nyuma ya kigingi.

Lakini usidharau kila kilicho mkiani. Retinoli, ya jamii ya vitamini A, inafanya kazi ikiwa chini ya 1%, na seramaidi, mafuta yanayoshikanisha seli za ngozi, nazo hazihitaji kuwa nyingi. Kujua kiambato gani kinahitaji kiasi gani, hapo ndipo darasa lilipo, na ndiyo sababu ya kuleta uzi huu. Karibuni.

Nusu Chunusi

Nimekaa mbele kabisa. Mimi ngozi yangu ni ya mafuta, ukinigusa kipaji unateleza. Nanawa kwa sabuni ya kipande mara nne hadi tano kwa siku, mafuta ya kupaka nimeacha kabisa. Chunusi ndiyo kwanza zinanenepa, na mashavu sasa yanavuta kama nimevaa uso wa mtu mwingine. Nikosee wapi tena?

Tausi wa Kioo

Nusu Chunusi, hapo kwenye mashavu kuvuta umesema mengi. Tofautisha ngozi kavu na ngozi iliyokosa maji. Ngozi kavu ni maumbile, haitoi mafuta ya kutosha. Kukosa maji ni hali, na hata ngozi yenye mafuta inaipata. Ndiyo unaona mtu anang'aa kipaji na anapauka mashavu kwa wakati mmoja.

Uso una tindikali kidogo, pH yake (kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni nyingi) huwa karibu 4.5 hadi 5.5. Sabuni ya kipande ya kawaida ipo 9 hadi 10. Kila ukinawa unaisukuma ngozi nje ya mahali pake, nayo inachukua saa kadhaa kurudi. Wewe kabla haijarudi umeshanawa tena. Punguza iwe mara mbili, asubuhi na usiku, kwa kisafisha uso kisicho sabuni.

Kuhusu chunusi, asidi ya salisili ndiyo ningekuanzishia. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya kinyweleo kilichoziba badala ya kuishia juu. Huuzwa kati ya 0.5% na 2%. Kama una chunusi nyekundu zenye usaha, ipo benzoili peroksaidi, inaua bakteria wa chunusi. Hapa watu wanapenda kukimbilia 10% kwa kuamini kali ndiyo dawa. Majaribio yaliyolinganisha 2.5%, 5% na 10% kwenye chunusi za usaha yalikuta 2.5% inafanya kazi sawa na wenzake, na haiunguzi kama 10%. Halafu tahadhari ya nyumbani: inapausha nguo. Nilikuwa na foronya ya bluu, sasa ina ramani.

Na upake kitu cha unyevu juu yake. Ndiyo, hata wewe unayeteleza.

Fundi Povu

Naongezea kidogo, mimi natengeneza sabuni na losheni kwa kazi.

Mleta uzi kaeleza vizuri, ila watu wasije wakaondoka hapa wakiviogopa vihifadhi. Chochote chenye maji kisicho na kihifadhi ni shamba la ukungu. Nimewahi kuacha losheni bila kihifadhi kwenye rafu makusudi, nione. Kabla wiki mbili hazijaisha ilikuwa na manyoya ya kijani. Heri kihifadhi kinachokuwasha kuliko bakteria jichoni, na heri zaidi kihifadhi kingine kisichokuwasha. Ndiyo kazi ya daftari la safu nne.

Pili, hili la "alkoholi". Mtu anaona neno hilo kwenye lebo anatupa kopo. Ziko za aina mbili. Ile inayokauka haraka, ambayo kwenye lebo imeandikwa "Alcohol denat.", ikiwa juu ya orodha inaweza kukausha uso. Lakini setili na setearili ni alkoholi za mafuta, ni nta nyeupe ngumu ukizishika, zinalainisha ngozi na ndizo zinazofanya krimu iwe krimu. Jina la ukoo ni moja, tabia mbalimbali.

Tatu, asilimia. Siku hizi makopo yanashindana kwa namba. Niasinamaidi, yaani vitamini B3, tafiti zake nyingi zimefanyika kwa 2% hadi 5%. Sasa inauzwa ya 10%, hata 20%, na anayewashwa nayo anadhani ngozi yake ni mbovu.

Mzee wa Kopo

Vijana mna kazi. Mimi nimepaka mafuta ya mgando tangu utoto, kopo moja, mwili mzima, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Ngozi yangu haina tatizo. Hizi asidi mnazojipaka usoni ndizo zinazowaletea hayo mnayoyaita mzio. Zamani nani aliyekuwa anasoma lebo?

Tausi wa Kioo

Shikamoo mzee. Nusu ya maneno yako nakubaliana nayo kabisa.

Vya kulainisha ngozi vina kazi tatu. Viko vivuta maji, kama gliserini na asidi ya haialuroni: vinayashika maji na kuyaweka kwenye tabaka la juu. Viko vijaza nyufa, kama seramaidi na mafuta mepesi. Fikiria ukuta: seli ndiyo matofali na seramaidi ni sehemu kubwa ya udongo unaoyashikanisha. Halafu viko vifunika, vinavyozuia maji yasitoke. Katika hivyo vya mwisho, mafuta ya mgando ndiyo mfalme, yanaweza kuzuia kiasi cha 98% ya maji yanayopotea kupitia ngozini. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872 na bado hakuna seramu ya bei mbaya iliyoyashinda kwa kazi hiyo.

Ila hayaleti maji, yanafunika yaliyopo. Ukipaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa umefunika ukavu. Paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevunyevu, ndipo utayafaidi. Na vivuta maji navyo vinahitaji kifuniko juu yake. Kuna wanaopaka haialuroni peke yake hewa ikiwa kavu, halafu wanashangaa uso unazidi kuvuta.

Na wewe mzee, geuza kopo lako usome nyuma. Kwa heshima zote.

Binti Madoa

Jamani mimi chunusi zimeisha ila zimeniachia madoa meusi kama nimepigwa na mvua ya lami. Nimeshauriwa krimu fulani ya kung'arisha, haina orodha ya viambato, aliyeniuzia anasema ni ya asili na inaonyesha matokeo siku nne. Na nina ujauzito wa miezi mitatu. Naomba msaada.

Tausi wa Kioo

Binti, usiipake hiyo. Tena usimgawie mtu.

Kopo lisilo na orodha limeshakujibu. Kinachong'arisha ndani ya siku nne kwa kawaida ni kimoja kati ya vitatu, au vyote kwa pamoja ndani ya mkorogo mmoja. Haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuleta okronosisi, yaani ngozi kugeuka rangi ya bluu-kijivu na isikubali kurudi. Ulaya ilishaiondoa kwenye vipodozi vya kung'arisha, na Marekani tangu 2020 haiuzwi bila cheti cha daktari. Cha pili ni steroidi kali kama klobetasoli: inakupa uso laini wa haraka, halafu ngozi inakonda, mishipa inaonekana, na ukiacha uso unawaka moto mpaka uirudie. Cha tatu ni zebaki, hiyo inapenya mwilini na kuharibu figo, na mjamzito ina hatari kwa mtoto pia. Kama orodha ipo, ukiona "calomel" au neno lolote linaloanza na "mercur", hilo ndilo. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki viishe kufikia 2025. Makubaliano ni kitu kimoja na soko ni kitu kingine.

Madoa yako yanaelezeka. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, ikiumia, hata kwa kipele kidogo, seli zinazotengeneza rangi zinafanya kazi kupita kiasi na rangi inabaki baada ya kidonda kupona. Halafu jua linaikoleza. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya doa ni kinga ya jua, kabla ya seramu yoyote. Kinga ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) inazuia karibu 97% ya miale inayounguza, ya 50 karibu 98%, kwa hiyo usipoteze usingizi kwa tofauti hiyo. Wasiwasi uwe kwenye kipimo. Namba hizo hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na sisi wengi tunapaka nusu ya hapo au chini. Mistari miwili ya vidole, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Na kwa madoa, hata mwanga wa kawaida unaoonekana unayakoleza kwenye ngozi zetu, kwa hiyo tafuta kinga ya jua yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma. Itakuondolea na ule weupe wa unga unaotufanya tuonekane tumeamka kaburini.

Kwa ujauzito, retinoli na ndugu zake wote weka kando mpaka daktari atakapokuruhusu. Asidi ya azelaiki huhesabiwa kuwa salama kwa wajawazito, nayo inasaidia chunusi na madoa kwa pamoja. Niasinamaidi pia. Bado mwonyeshe daktari wako lebo kabla hujaanza, na umwambie kuhusu hiyo krimu kama ulishaipaka hata mara moja.

Binti Madoa

Nilipaka siku mbili. Nimeogopa. Nitamwambia kliniki. Asante dada.

Kipele Kipajini

Swali fupi. Mimi vipele vyangu ni vidogo, vyote saizi moja, kipajini na kifuani, vinawasha. Salisili miezi miwili, benzoili mwezi, hakuna kitu. Nikipaka mafuta ya mimea ndiyo vinashangilia.

Fundi Povu

Mkuu, chunusi za kawaida huwa za saizi mchanganyiko na mara nyingi haziwashi hivyo. Vya saizi moja vinavyowasha vinaweza kuwa vya fangasi, malasezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta. Ndiyo maana vinashangilia. Hapo dawa ni ya fangasi, kama ketokonazoli. Nenda ukaangaliwe, usikisie zaidi ya hapo.

Nusu Chunusi

Ninarudi na mrejesho wa wiki ya pili. Nanawa mara mbili tu, mashavu yameacha kuvuta siku ya tano. Nikafurahi, nikanunua mlivyotaja: salisili, niasinamaidi, retinoli, nikaongeza na vitamini C. Nikaanza vyote Jumatatu. Leo uso umevimba. Ni kipi?

Tausi wa Kioo

Hakuna anayeweza kujua, mkuu. Wewe mwenyewe umefuta ushahidi.

Acha vyote. Kisafisha uso, krimu ya unyevu, kinga ya jua, basi, mpaka utulie. Ukirudi, rudi na kimoja. Kwanza paka sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, siku saba hadi kumi. Pakiwa shwari ndipo ukipake usoni. Ngozi ya juu huchukua takribani siku 28 kujibadilisha kwa kijana, na muda unarefuka kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo anayehukumu madoa kwa siku tano anahukumu ngozi ya mwezi uliopita.

Retinoli iache iwe ya mwisho. Mwili unaigeuza kwa hatua mbili mpaka iwe asidi ya retinoiki, ndiyo inayofanya kazi. Ni ya usiku, anza mara mbili kwa wiki. Chunusi zikiongezeka wiki za mwanzo pale pale zinapotokeaga siku zote, vumilia. Zikitokea mahali pageni, au ukiwashwa na kuvimba, hiyo si ngozi "kujisafisha", acha. Vitamini C yako kama imegeuka rangi ya kahawia, imeshaharibika kwa hewa, itupe tu.

Mzee wa Kopo

Nimerudi. Nimeligeuza kopo langu kama ulivyonitaka, kwa miwani miwili. Kuna jina la mafuta yenyewe, halafu kuna "Parfum". Hiyo ni nini, na kwa nini haikuandikwa kilichomo ndani yake?

Tausi wa Kioo

Mzee, hayo ni manukato. Neno moja linaweza kubeba makumi ya kemikali, na sheria nyingi zinawaruhusu wenye viwanda kulifunga hivyo kama siri ya kazi. Ulaya inawalazimisha kutaja vinavyojulikana kuleta mzio, kama linaluli na limonini, na mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa kutoka 26 hadi zaidi ya 80. Vingi kati yake vimo hata kwenye mafuta ya mimea yanayosifiwa kuwa ni asili. Linaluli imejaa kwenye lavenda, na ikikaa na hewa ndipo inapokuwa kali.

Kama hayakuwashi, endelea nayo mzee wangu, huna kesi.

Mzee wa Kopo

Mimi hayaniwashi. Mama watoto ndiye anayejikuna mikono mwaka wa tatu huu. Tumebadilisha sabuni ya vyombo mara nne, tumenunua glavu. Na tunachangia kopo.

Tausi wa Kioo

Basi mtafutie yasiyotiwa manukato kabisa. Angalizo: kopo likisema "halina harufu" haitoshi, wakati mwingine wametia manukato ya kuficha harufu nyingine. Soma nyuma, neno hilo lisiwepo. Kila mmoja awe na kopo lake, apake wiki tatu nne, sabuni ya vyombo msiibadilishe tena ili mjue ni kipi. Akiendelea kujikuna, aende kwa daktari wa ngozi akaombe viraka vya mgongoni.

Mzee wa Kopo

Nimelipata moja. Lina neno moja tu nyuma. Nimempa, kanijibu: "Mbona halinukii?"